Mwanangu Si Sanamu ya Dukani

Nyumba yetu ina vyumba viwili. Cha mbele ni duka la ushonaji. Cha nyuma tunalala. Paa ni la bati. Dukani kuna cherehani mbili, meza ya kukatia nguo, pasi nzito ya mvuke na kapu kubwa la mtoto mlangoni.

Cherehani ya kwanza ni ya mume wangu. Anashona suruali, mashati na sare. Ya pili ni ya mama mkwe. Yeye hashoni kitu kingine ila nguo za watoto wachanga, zile nene zenye pamba katikati. Seti moja ina kofia, glovu, soksi na blanketi. Mtaa mzima unamwita Bibi Pamba, na jina hilo analipenda.

Ndani ya kapu alikuwa analala binti yangu wa miezi mitatu. Tunamwita Kifungo, kwa sababu alizaliwa mdogo na wa mviringo. Baba yake alisema hicho ndicho kifungo kilichokuwa kimepungua kwenye shati lake.

Duka letu lina desturi yake. Mtoto wa nyumba ndiye tangazo la duka. Mume wangu alilala kwenye kapu hilo akiwa mchanga, amevaa seti kamili. Dada zake vilevile. Mama mjamzito akipita, anachungulia, anasema, "Jamani, alivyopendeza!" Kisha anaagiza seti kama ile. Kifungo alipozaliwa, zamu yake ilifika. Ulikuwa msimu wa baridi, sikuona tatizo. Hata mimi nilijivuna.

Kisha kiangazi kikaja.

Kiangazi cha mwaka huo hakikuwa na mzaha. Kufika saa nne asubuhi huwezi kukaa dukani bila kujipepea. Dirisha letu moja lilikuwa limezibwa na vitambaa vya kuuza. Pasi inapuliza mvuke. Mume wangu anashona kifua wazi, anavaa shati mbio mbio mteja akiingia. Na katikati yetu sote, Kifungo amevaa kofia ya pamba, glovu za pamba, soksi za pamba, na juu yake blanketi.

"Mama," nilimwambia mama mkwe, "leo joto limezidi. Tumwachie kishati tu."

"Mtoto mchanga hana joto, ana baridi," alijibu bila kuinua macho. "Mguse vidole."

Nikavigusa. Kweli vilikuwa na ubaridi kidogo.

"Umeona? Nimelea watatu kwenye kapu hilo hilo. Wewe unasikia joto kwa sababu una nyama."

Mume wangu akacheka. Nami nikacheka, kwa heshima. Siku hizo nilikuwa mkwe mtiifu, na utiifu ule ulikaribia kuniponza.

Siku zikaenda. Kifungo akatokwa na harara, vipele vidogo vyekundu shingoni na mgongoni. Mama mkwe akammwagia poda mpaka akawa mweupe kama chaki. Harara ikazidi. Poda nayo ikazidi.

Siku moja mchana jua liligeuka, likaingia mlangoni mpaka kwenye kapu. Hapo nikafanya kosa langu mwenyewe, na silifichi. Nilichukua kitambaa kizito cha suruali, nikafunika kapu lote ili jua na nzi wasimsumbue. Nikajiona nina akili sana. Nikarudi kupiga pasi.

Saa saba nikashtuka. Mtoto hajalia tangu asubuhi.

"Amelala," mama mkwe akasema. "Mtoto mzuri halii."

Nilifunua kitambaa. Hewa ya moto ilinipiga usoni, kama mtu anayefunua sufuria. Kifungo alikuwa mwekundu. Nilimwinua, kichwa kikalala begani kwangu bila nguvu. Nikampa ziwa. Akaligusa kwa mdomo, akaliacha. Nikapapasa nepi, ilikuwa kavu. Nilimvalisha alfajiri, na sasa ni saa saba, bado kavu.

Niliogopa.

Wakati huo dukani kulikuwa na wateja wawili. Wa kwanza ni mama mjamzito aliyekuja kuchagua seti. Wa pili ni muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuja kuchukua sare yake. Sote tunamwita Sista.

Nikaanza kuivua kofia ya mtoto.

"Mwache!" mama mkwe akasema kwa sauti ya chini. "Upepo utamwingia. Na wateja wanaangalia."

Nilimtazama mama mkwe. Nilitazama ile kofia nzuri yenye maua aliyoishona kwa mkono wake. Kisha nikaivua, nikaitupa mezani. Nikavua glovu. Nikavua soksi. Blanketi nikaliacha lianguke chini.

"Waangalie," nikasema. "Mwanangu si sanamu ya dukani!"

Cherehani ya mume wangu ilinyamaza. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumpandishia Bibi Pamba sauti. Lakini sikuomba radhi, na mpaka leo sijaomba.

Sista hakungoja kualikwa. Alipita nyuma ya meza, akaweka vidole vyake nyuma ya shingo ya Kifungo.

"Anaungua huyu," akasema. "Amekojoa saa ngapi mara ya mwisho?"

"Alfajiri."

"Ananyonya?"

"Anakataa."

Akampapasa utosini, pale pahali laini juu ya kichwa. Uso wake ulibadilika. "Utosi umebonyea kidogo. Hatukai hapa. Twende zahanati sasa hivi."

"Lakini vidole vyake ni vya baridi," mama mkwe akasema. "Mguse mwenyewe."

"Bibi, vidole vya mtoto mchanga ni vidanganyifu. Vinaweza kuwa baridi huku mwili unachemka. Ukitaka ukweli, gusa nyuma ya shingo, au kifuani."

Mama mkwe akachota maji ya mtungini kwa kijiko. "Basi anywe kwanza, ana kiu."

"Hapana, Bibi. Hajafika miezi sita. Kiu yake inatulizwa na maziwa ya mama. Maji mpe mama yake, yeye ndiye atakayenyonyesha."

Akanigeukia. "Lete kitambaa chepesi cha pamba, kiloweke maji ya kawaida. Si ya barafu, maji ya barafu yatamtetemesha. Tutampangusa njiani. Na usiache kumjaribu na ziwa."

Mume wangu alikuwa ameshafika mlangoni. Alichukua mwavuli wa mteja bila hata kuuliza, akanifunika mimi na mtoto. Tukatoka. Nyuma yangu nilisikia mama mjamzito akisema, "Jamani, na mimi wangu ningemfunga hivyo hivyo."

Zahanati si mbali, lakini siku ile njia ilirefuka. Nilikuwa nampangusa mtoto huku nazungumza naye. Nilimwambia asithubutu. Nilimwambia mimi ni mama yake na sijampa ruhusa ya kwenda popote.

Tuliwekwa kwenye chumba chenye madirisha mawili yaliyo wazi. Daktari akampima, akasema tumewahi. Nilikamua maziwa yangu mwenyewe, tukamwekea mdomoni kidogo kidogo kwa kikombe kidogo. Feni ilielekezwa ukutani ili ipunge chumba, isimpige mtoto. Nilikaa nimemshika, yeye na nepi yake tu.

Jua lilipopoa, akafungua macho. Akalitafuta ziwa mwenyewe. Akanyonya, akapumzika, akanyonya tena. Kisha nikasikia vuguvugu mapajani. Nepi ilikuwa imelegea, akanikojolea gauni lote.

"Amekojoa!" nilipiga kelele. Wagonjwa wakageuka. Sikujali. Sijawahi kulipenda doa la gauni kama lile.

Sista aliketi nasi kabla hatujarudi nyumbani. Mama mkwe naye alikuwa amekuja, ameketi pembeni.

"Joto la kiangazi hatuwezi kulifukuza," Sista akasema. "Lakini tunaweza kumtoa mtoto mdomoni mwake. Mlaze pahali penye kivuli na hewa inayopita. Nguo moja nyepesi inatosha, na ndani ya nyumba havai kofia. Likizidi, hata nepi peke yake. Mwogeshe kwa maji ya kawaida."

"Na lile kapu?" nikauliza. "Nililifunika apate kivuli."

"Ukifunika kapu umetengeneza tanuri. Sogeza kapu lenyewe kivulini, liwe wazi. Na ndani ya gari lililofungwa asiachwe hata dakika moja."

"Harara je?" mume wangu akauliza. "Tunapaka poda."

"Poda inaziba ngozi, tena anaivuta kifuani. Iache. Mpoze, mkaushe vizuri kwenye mikunjo, itaondoka." Kisha akanishika goti. "Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Ukiona amelegea, anakataa ziwa, nepi imekaa kavu muda mrefu, utosi umebonyea, au ana homa, usimsubiri mtu akupe ruhusa. Mlete."

Nilimtazama mume wangu aliposikia neno ruhusa. Akainamisha kichwa.

Tukiwa njiani kurudi, mama mkwe alinishika mkono. Nilidhani atanisema.

"Huwa nasema nimelea watatu," akaanza. "Hujaniuliza nilizaa wangapi."

Nikasimama.

"Wanne. Yule wa pili alilala kwenye kapu lile siku ya joto kama leo. Hakulia. Nikasema, mtoto mzuri huyu." "Waliniambia ni upepo ulimwingia. Ndiyo maana nikawa nawafunga zaidi waliofuata. Sijui ilikuwa nini, mwanangu. Hakuna aliyejua. Lakini leo ulivyotupa kofia yangu, nilikuchukia, kisha nikatamani siku ile ningekuwa na mdomo kama wako."

Nilimpa Kifungo ambebe mpaka nyumbani.

Kesho yake tuliligeuza duka. Mume wangu aliondoa vitambaa vyote dirishani, akavitundika ukuta wa ndani. Pasi tuliihamishia barazani nyuma, na tunapiga asubuhi mapema. Kapu la Kifungo tuliliweka chumba cha nyuma, mbali na jua la mlangoni, madirisha wazi pande zote mbili. Nilikunywa maji kila nilipoketi kunyonyesha. Baada ya siku chache harara ilianza kufifia, na kelele za Kifungo zikarudi. Alilia mpaka jirani akalalamika. Nilimwambia jirani avumilie, ile ndiyo redio yetu.

Mlangoni tuliweka kapu jingine. Mume wangu alikusanya vipande vya nguo vilivyobaki, akashona mwanasesere wa ukubwa wa mtoto. Macho akamwekea vifungo viwili. Mama mkwe akamvalisha seti kamili, kofia yenye maua na yote.

Joto bado lilikuwa kali siku aliyoingia mama mmoja aliyenunua seti wakati wa baridi. Mtoto wake alikuwa amefungwa kuanzia kichwani mpaka miguuni, jasho linamtiririka. Mama mkwe aliacha cherehani. Akaenda moja kwa moja, akaweka vidole nyuma ya shingo ya mtoto.

"Mvue," akasema.

"Lakini Bibi, si wewe uliyeniambia nisimvue?"

"Ni mimi. Na leo ni mimi ninayekuambia umvue. Nilikosea, na hapa dukani kwangu sitakosea tena. Kofia hii ni ya baridi. Kaa hapa penye hewa, umnyonyeshe."

Yule mama alisitasita. Alitazama kapu la mlangoni. "Mbona yule wenu amevaa?"

Bibi Pamba alikuwa ameshaanza kufungua kamba za kofia kwa mikono yake mwenyewe.

"Yule hapumui," akasema. "Huyu wako anapumua."