Diski ya Kupamba

Kompyuta ya Mwanaesha iliamka asubuhi hiyo ikinuka udi. Si yeye aliyefukiza, na chetezo cha nyumba kilikuwa chini kwa dada yake, kimejaa majivu ya juzi. Akainama nyuma ya mashine akavuta pumzi. Harufu ilitoka mle ndani, penye feni, na chini ya udi palikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizorowa zikafungwa bila kukaushwa. Mtu mwenye akili zake angefunga mlango akashuka ngazi. Mwanaesha akabonyeza kitufe.

Skrini haikuleta picha. Ilileta weusi, na juu ya weusi mstari mmoja wa maandishi meupe: imeshindwa kuisoma diski. Ikajaribu tena, ukaja mstari mwingine uleule. Na kila ilipojaribu, ndani ya kisanduku kitu kiligonga: ko, ko-ko, ko. Hakuna mwanamke wa Mombasa asiyeujua mdundo huo. Ni wa vugo, ile pembe ya nyati ipigwayo kwa kijiti harusini.

Kazi ya Mwanaesha ilikuwa kupiga video za kupamba. Asiyejua kupamba na ajue: ni usiku bibi harusi anapowekwa kitini akatazamwa na wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa mlangoni, simu huachwa mlangoni, na humo ndani mabega yako wazi na vifua vimejaa dhahabu, ya kwao na ya kuazima. Mwanamume hapiti hata kuleta barafu. Kwa hiyo apigaye video sharti awe mwanamke, aziunge mwenyewe, na aape kwamba hakuna jicho la kiume litakaloziona. Mwanaesha alikuwa ameapa hata kiapo kikamkaa mdomoni kama tambuu. Lakini alikuwa akikitimiza, haki yake apewe. Kiapo hicho ndicho kilichomlisha tangu aachwe. Mkono wake haukuwa wa ajabu. Wako wapigao vizuri kumshinda.

Usiku uliopita alikuwa amepiga kupamba kwa binti wa Mama Kamaludin, kwenye ukumbi mmoja huko Bondeni. Mama Kamaludin ni mtu ambaye akikusalimia hujui umeombewa dua au umelaaniwa. Alikuwa amesema video aitaka Ijumaa, kabla wakwe wa bintiye hawajarudi Maskati, na akasema pia kwamba mwanamume akiiona, Mwanaesha hatapiga tena kisiwani humu hata picha ya paka. Na Mwanaesha, kama ilivyokuwa desturi yake, alipofika nyumbani alihamishia kila kitu kwenye diski, kisha akafuta kadi za kamera zisije zikaibwa. Uangalifu nao ukizidi humla mwenyewe. Kupamba kote kulikuwa mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa hapasomeki.

Fundi wake alikuwa Ngowa, mwana wa Kadzo, kijana wa Ganjoni aliyetengeneza mashine za mawakala wa forodha kule Kilindini na aliyedhani bandari nzima ingesimama yeye akipata mafua. Siku nyingine zote, kabla fundi hajaigusa mashine, Mwanaesha alichomoa diski ya video akaitia kifuani. Safari hii ugonjwa ulikuwa kwenye diski yenyewe, na fundi wa kike hakumjua.

“Utaona majina ya mafaili tu,” alimwambia. “Ukifungua picha hata moja, mimi nawe basi.”

“Mama, diski za watu naziona kila siku. Harusi za watu zanihusu nini?”

“Apa.”

Ngowa akaapa kwa Biblia ya mamake, huku akitafuta mahali pa kuchomeka waya.

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, wakati ambao vichochoro vya Mji wa Kale huwa vitupu na paka wenyewe huingia chini ya baraza. Wazee husema saa hiyo si ya watu peke yao. Ngowa alikuwa na saa ya mkononi, ikamtosha. Aliiwasha mashine kwa kijiti chake cha USB, isiitegemee ile diski kuamka. Maandishi yakamiminika, naye akayasoma haraka haraka kama mtu asomaye hitima ya asiyemjua. Akamweleza Mwanaesha kwamba kila diski ina dereva wake, programu ndogo inayochukua ombi la mashine, kulipeleka kwenye diski na kurudi na jibu. Dereva wa hii alikuwa akisema amebisha na hakufunguliwa. Mwanaesha akasema basi amwambie abishe kama mtu aliyelelewa. Kijana akacheka, akaifunga diski isiandikwe chochote, isomwe tu, kwani diski gonjwa ukiiandikia waiua. Kisha akaanza kunakili.

Mafaili yakapita moja moja. Wapishi, wageni mlangoni, mashangazi na mapaja yao ya kiti kizima. Kisha likaja moja likagoma. Dereva akarudi mikono mitupu: hapasomeki. Ndani ya diski vugo likalia. Ngowa akajaribu tena, vugo likalia tena, na ile harufu ya nywele mbichi ikajaa chumba kana kwamba mtu amefungua mlango wa bafu.

“Ni hili tu,” akasema, na akataja saa lilipopigwa.

Mwanaesha alilijua. Pembeni mwa ukumbi, karibu na pazia, alikuwa ameketi mwanamke aliyewapa watu mgongo, nywele zimefumuliwa hadi sakafuni, zikidondosha maji. Mwanaesha alidhani ni mgeni asiye na adabu, ametoka kuoga akaja hivyo hivyo. Akamzunguka na kamera ampate uso. Yule mwanamke akajifunika kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, “Usinichukue.” Kwenye kupamba wanawake husema hivyo wakitaka kubembelezwa. Mwanaesha alingoja kiganja kishuke, akamchukua, na papo hapo vigelegele vikapigwa, bibi harusi akaingia, kamera ikageuka. Uso wenyewe alikuwa haukumbuki. Aliutafuta kichwani sasa, akakuta weusi.

“Hilo liache,” akasema.

“Nikiliacha, bibi harusi haingii. Kuingia kwake kumo humu humu.”

Mwanaesha akamfikiria Mama Kamaludin na mdomo wake. Alifikiri kwa muda wa kumeza mate.

“Basi endelea.”

Akaenda msalani kutawadha. Alikuwa akitia maji miguuni aliposikia vugo likizidi, kwanza moja, kisha mawili, kisha mengi, ukumbi mzima wa wanawake wakipiga kwa pamoja ndani ya kisanduku kisichotosha hata kulalia kuku, na juu ya vugo vigelegele vyembamba vikatoka kwenye spika ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameichomoa juzi kwa kuwa imeungua, na harufu ikapita chini ya mlango ikamfikia puani, udi na nywele na maji ya kisima kilichofunikwa miaka, hata birika likamtoka mkononi likaviringika hadi ukutani.

“Mama,” Ngowa akaita, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. “Kuna kinachoandikwa.”

“Si umesema umeifunga?”

“Nimeifunga. Lakini taa ya kuandika yawaka. Si mimi.”

“Chomoa waya, Ngowa.”

Vugo likakoma. Kisha kijana akasema imekwisha, imesomeka yote, subiri ahakikishe. Na hapo ndipo ujuzi ulipomponza, kwa maana kule Kilindini alikuwa amefundishwa kwamba faili lisilofunguliwa halijanakiliwa, na mkono uliozoea hauulizi kiapo. Akalifungua.

Mwanaesha alitoka na miguu inayochuruzika. Ngowa alikuwa ameinamia skrini hata pumzi yake ilifanya ukungu juu ya kioo. Kwenye picha palikuwa na pazia, na kiti, na maji chini ya kiti. Mtu hakuwapo.

“Umefungua.”

“Ameniuliza jina,” Ngowa akasema.

“Usiniambie umemjibu.”

“Aliniuliza kwa adabu.”

Akaondoka akishika kuta, vifaa vyake akaviacha. Na mashine, tangu dakika hiyo, ikawa nzima. Iliwaka bila mstari mmoja wa lawama. Bibi harusi aliingia ukumbini akiwa safi kama yai, na Mwanaesha akaiunga video yake, akanyamaza.

Alhamisi Kadzo, mamake Ngowa, alipanda zile ngazi. Hakubisha hodi wala hakuketi. Alisema mwanawe huamka macho yako wazi na yeye hayupo. Humwita, humwita, hadi arudi, na kila siku achelewa zaidi. Maandishi ayatazama kama kuku atazamavyo gazeti. Kichwa amenyoa, na kwenye mto wake wa kulalia asubuhi huwa kuna unywele mrefu uliorowa. Jua likiwa la utosi huelekea ukutani akanong'ona na kucheka, na anayenong'ona naye hujibu.

“Mwanangu alikuja kwako kwa miguu yake. Ulimpa nini?”

“Sikumpa kitu. Nilimpa kazi.”

“Basi nawe twende ukaimalize iliyobaki.”

Walimpeleka Ngowa kwa Bi Mwanatumu, mganga wa makamo mwenye bega moja juu, ambaye majini ya kisiwani humwogopa na majirani pia. Alimfukizia kijana chini ya shuka, akamwita aliyemkalia apande kichwani aseme. Hakukawia. Mdomo wa Ngowa ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke aliyelelewa vizuri na aliyekasirika.

“Nilisema nisichukuliwe,” ikasema.

“Aliyekuchukua ni huyu hapa,” Bi Mwanatumu akajibu, akimwonyesha Mwanaesha kwa kidevu. “Kijana ana kosa gani?”

“Mwanamke kuniona si neno. Huyu ni mwanamume, na ameniona nywele.”

“Wataka nini umwache?”

“Nami nilikuwa mgeni pale, nilivua buibui mlangoni kama wao, kwa kiapo kilekile. Na aseme aliyenichukua. Siku watakapoketi kuitazama video, asimame mbele yao aseme kwamba mwanamume ameiona. Kijana nitamwacha papo hapo.”

Mwanaesha akaanza kutaja mbuzi, halua, marashi, shuka jekundu. Bi Mwanatumu akamkata kauli. Alimwambia jini aliyevunjiwa heshima hanunuliki, na kwamba kwa mara ya kwanza katika kazi yake amesikia jini ameomba kitu cha bure, na bado mtu aomba apunguziwe. Kadzo alimtazama Mwanaesha. Mwanaesha akasema atasema. Na njia nzima alikuwa na nia ya kusema, hilo nalo liandikwe.

Ijumaa sebule ya Mama Kamaludin ilijaa. Madirisha yalifungwa, mapazia yakateremshwa, mabuibui yakarundikwa mlangoni. Video ikawekwa kwenye televisheni kubwa, na wanawake wakajitazama, kila mmoja akijisifu kimoyomoyo na kumsengenya aliye karibu naye. Walisema picha zimetulia. Mama mmoja wa Bondeni alimwinamia Mwanaesha akamwomba amwekee tarehe ya binti yake, na mwingine nyuma yake akasema yeye ana mabinti wawili. Maneno ya Mwanaesha yalikuwa chini ya ulimi, tayari. Ndipo Mama Kamaludin akazima vicheko kwa mkono wake, akamgeukia mbele ya wakwe wa Maskati.

“Mwanaesha. Mbele ya Mungu. Yuko mwanamume aliyeiona?”

Alimfikiria Ngowa, si kwamba hakumfikiria. Kisha akajifikiria yeye, akikaanga bajia kwenye baraza la dada yake, wanawake hawa hawa wakipita wakimnunulia kwa huruma.

“Hakuna,” akasema.

Mama Kamaludin akaitikia kwa kichwa, akageukia televisheni. Wa kwanza kuona alikuwa bibi mmoja wa Maskati ambaye hakujua Kiswahili. Alitoa sauti tu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kwenye skrini, kando ya lile pazia, katikati ya wanawake waliokuwa wakipiga makofi, alikuwa ameketi kijana katika shati la kazi, mikono juu ya magoti. Hakuna mmoja kati yao aliyekuwa amemwona usiku ule. Bega kwa bega naye mwanamke alikuwa amekaa, nywele zimemwangukia kijana mapajani. Ngowa alikuwa akimtazama kila mwanamke wa ukumbi ule, mmoja baada ya mwingine, taratibu, asimruke yeyote, na kamera ilipogeuka kumfuata bibi harusi, alikuwapo na huko pia, safu ya mbele. Kisha akawaacha wa ukumbini akainua macho, akaanza kuwatazama waliokuwa sebuleni.

Nyumba iliyofungwa madirisha, isiyo na mwanamume hata mtoto, na wanawake wazima wakakanyagana mlangoni wakigombea mabuibui wajifunike mbele ya televisheni. Simu ya Mwanaesha ikalia. Ni Kadzo. Hakulia wala hakutukana. Alisema mlango wa chumba cha Ngowa wamevunja kwa kuwa ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kitandani hamna mtu, ni maji tu.

Mama Kamaludin, buibui amelivaa kinyume, akaleta kompyuta ya bintiye akaiweka mezani.

“Futa,” akasema. “Hapa hapa, nikikuona.”

Mwanaesha akaitoa diski kwenye televisheni, akaichomeka, akalichagua lile faili, akabonyeza. Mashine ikafikiri. Kisha ikaleta mstari mmoja.

“Yasema nini?”

“Yasema haiwezi kulifuta,” Mwanaesha akasoma. “Yasema kuna mtu bado analitumia.”