Tatu Haizai Nane

Asubuhi ile nyumba iliamka kwa ukali. Mama, fundi cherehani, alikuwa ameinua mkasi juu kama ushahidi.

"Nani kakata karatasi kwa mkasi wangu wa kitambaa?"

"Mimi, mama. Nilikuwa najalidi daftari."

"Umeufanya butu! Sasa utatafuna kitambaa badala ya kukikata. Kila kazi na mkasi wake, mwanangu!"

Binti akaenda shule amenuna. Wenzake walimwita Kisiki, maana akisimama kwenye neno lake, hang'oki.

Katika chumba cha kompyuta, swali la mashindano lilikuwa ubaoni: andika tatu thelathini na nne, zizidishe zote pamoja (3 × 3 × 3 na kuendelea), utoe jibu bila kukosea hata tarakimu moja. Majibu yatumwe kabla ya kengele ya mchana. Kiongozi wa timu, aliyejiita Profesa, alitumia JavaScript, lugha ya kompyuta ambayo kaka yake hutengenezea tovuti. Kioo kikaonyesha 16677181699666568.

"Inaishia na nane?" Kisiki akakunja uso. "Witiri mara witiri haizai shufwa, hata ukeshe!"

"Unabishana na mashine?" Profesa akacheka. "Nenda kazidishe kwa vidole, bibi!"

Timu nzima ikaangua kicheko. Kisiki, damu ikimchemka, akashika penseli na kuzidisha mstari baada ya mstari. Jibu lake liliishia na tisa. Akambandikia Profesa karatasi mbele ya macho.

"Najua," Profesa akanong'ona. "Hata jana JavaScript ilikosea namba kubwa. Lakini tukianza upya kwa lugha nyingine, Python, nitaonekana mjinga. Tarakimu moja tu, nani ataiona?"

"Kumbe unajua!" Kisiki akapiga meza. "Unajua, na bado ukanicheka! Jina langu limo kwenye timu hii. Uongo huo hautoki humu ndani!"

Mwalimu wa kompyuta akasimama mlangoni. "Kuna nini?"

Profesa akatazama viatu vyake, kisha akasema yote. Mwalimu hakumbembeleza. "Kaa. Andika upya. Haraka!"

Mistari michache ya Python, na tarakimu zote zikatoka sawa na za penseli: 16677181699666569. Walituma kengele ikikaribia kulia.

"Samahani, Kisiki," Profesa akasema chinichini.

"Ulinicheka kwa sauti. Niombe radhi kwa sauti."

Akaomba, chumba kizima kikisikia. Safari hii hakuna aliyecheka.

"JavaScript si mbaya," mwalimu akasema. "Ila namba zake za kawaida zikizidi ukubwa fulani, hukadiria tarakimu za mwisho, wala haikuambii. Python huzitunza zote."

"Kila kazi na mkasi wake," Kisiki akasema, akakumbuka kuwa na yeye ana deni la radhi nyumbani.

"Naam. Na kuchagua vibaya kwa kutojua si aibu," mwalimu akamalizia, macho kwa Profesa. "Aibu ni kuujua ukweli, kisha ukamzomea anayeusema."