Sikio Nililokatazwa Kuligusa

Nina umri wa miaka arobaini na minne, ni mwalimu na mama wa watoto watatu. Msinione nimesoma mkadhani njia yangu ilikuwa nyoofu... La! Aliyenifungia mlango wa shule alikuwa baba yangu mzazi.

Katika miaka ya hamsini wazazi wangu walikuwa vibarua katika shamba la mzungu, huko Bahati, karibu na Nakuru. Tuliruhusiwa kulima kipande cha ardhi mradi nyumba yetu itoe mikono ya kutosha ya kuchuma maua ya pareto. Kaka yangu mkubwa alipotorokea Nakuru mjini, nyapara alimwonya baba kwamba asipopata mchumaji mwingine, tungehamishwa.

Mama naye alikuwa ameniahidi shule. Vyeti vya kuzaliwa hatukuvijua. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa. Akiligusa sikio la upande wa pili, alihesabiwa kuwa amefikia umri wa kusoma. Nilijizoeza kila siku... na nililigusa!

Siku ya kuandikishwa, baba ndiye aliyenipeleka. Njiani aliniambia kwa upole, "Mama, leo usilifikie sikio. Kunja kiwiko kidogo. Mwalimu akikuona mkubwa atakuchapa kama wale wakubwa."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Mwalimu alitazama vidole vyangu vikining'inia juu ya nywele, akasema nirudi mwaka ujao.

Hatukurudi nyumbani. Baba alinipeleka moja kwa moja kwa nyapara, ambaye naye aliwapima watoto kwa njia iyo hiyo.

"Sasa lishike," baba akasema.

Nililishika. Nyapara alicheka. "Mzee, huyu hata la ng'ombe atalifikia. Mpe kikapu."

Ndugu msomaji, umewahi kumwona mtoto akigundua, mbele ya watu, kwamba ameuzwa kwa mkono wake mwenyewe?

Mama alipojua, alilia... kisha kesho yake akanifunga kikapu kiunoni. Maua yale yaliniwasha ngozi na macho. Asubuhi kope zilishikana, mama akazifungua kwa maji ya vuguvugu ili niwahi shambani. Hatukufukuzwa. Tulikula. Hilo siwezi kulikana.

Mwaka ujao ulifika, baba akasema tungoje mwingine. Hatimaye mama alinipeleka kwa siri pamoja na mdogo wangu wa kiume. Yeye alipokelewa. Mimi niliambiwa nimepita umri! Nilirudi kwenye pareto peke yangu.

Miaka kadhaa baadaye, shule ilipoanza kuwapokea hata waliopita umri, niliingia darasa la kwanza nikiwa msichana aliyekwisha kuota matiti, miongoni mwa watoto walioniita Shosho, yaani bibi. Nilivumilia hadi chuo.

Katika sherehe ya kuhitimu kwangu, baba alisimama mbele ya wageni. "Huyu ni pareto iliyomfunza bidii," alisema. Walipiga makofi. Nilimtazama usoni nikitafuta hata chembe ya aibu... Haikuwepo. Aliamini kwamba alinitendea wema!

Wazazi wenzangu, sisemi mtoto asiteke maji wala asichunge mbuzi akitoka shuleni. Njaa naijua, sitamhukumu mtu aliyebanwa nayo. Lakini msiichukue siku nzima ya mtoto, na zaidi ya yote, msiichukue kwa hila, kwa sababu yeye hana mwingine wa kumwamini.

Baba alifariki mwaka jana. Nilimzika kwa heshima zote zinazompasa mzazi. Watu walinisifu kwa kujikaza. Sikuwa nimejikaza... machozi hayakuwepo. Nawasihi, msijiandalie maziko ya namna hiyo.