Kitambaa cha Upande wa Kushoto

Siku za shule, Chapu alikuwa hatoki kitandani mpaka avutwe mguu. Likizo ilipofika mambo yaligeuka. Jua lilipochomoza lilimkuta keshapiga mswaki, keshafagia uwanja, keshavaa suruali yake kuukuu ya kazi, naye ameketi kizingitini akimsubiri mama yake amalize chai.

Jina lake halisi liliandikwa kwenye madaftari tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chapu, kwa kuwa kila kitu alikifanya chapuchapu. Aliosha vyombo chapuchapu, ndiyo maana vikombe viwili vya nyumba ile havikuwa na vishikio. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kusema, "Tayari, nimemaliza."

Mama yake alikuwa fundi wa magari makubwa. Karakana yake ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi: uwanja mpana, paa la mabati upande mmoja, na sakafu iliyoingiwa na mafuta hata ikawa nyeusi. Hapo palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Kifaa chochote kilichotolewa upande wa kushoto wa gari kilifungwa kitambaa chekundu. Cha upande wa kulia hakikufungwa kitu. Vitambaa hivyo mama alivichana kutoka kwenye gauni lake la zamani, na alipenda kusema kwamba gauni lile limesaidia malori mengi kuliko lilivyowahi kumpendeza yeye.

Asubuhi ile kazi ilikuwa kubwa. Lori la dereva mmoja mtaratibu, aliyepachikwa jina la Kobe kwa jinsi alivyoendesha polepole, lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vigogo, ekseli yake ya nyuma, kile chuma kirefu kinachobeba magurudumu, imepinda. Ekseli nyingine nzima ilikuwa imepatikana kutoka kwenye lori lililostaafu. Jioni hiyo hiyo Kobe alitakiwa kupeleka madawati kwenye shule iliyo ng'ambo ya mlima. Kupanda mlima ule si tabu. Tabu ni kuteremka, maana mteremko wake ni mrefu na kona zake ni kali.

Mjomba wa Chapu, yaani mdogo wake mama, alikuja akiwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Hakuna aliyewahi kuona ovaroli ya pasi katika karakana ile, nao wakamcheka mpaka akacheka mwenyewe. Chapu alijua sababu. Mwaka uliopita mjomba alisahau kukaza nati moja ya gurudumu. Hakuna aliyeumia, lakini mama alimwondoa kabisa kwenye kazi ya breki, na tangu hapo alikuwa akibadilisha oili na kujaza matairi upepo. Leo ndiyo siku aliyorudishwa.

Ekseli mpya ilikuwa nzuri, ila shafti zake za breki zilikuwa zimelika. Mama akaamua watoe zile za ekseli ya zamani na kuzihamishia kwenye mpya. Alimwita Chapu, akamwonyesha. Kila shafti ilikuwa chuma cha urefu wa mkono, na kichwa chake kilipinda mfano wa herufi S. Dereva akikanyaga breki, upepo uliojazwa na injini husukuma, shafti huzunguka, na kile kichwa hutanua viatu viwili vya breki mpaka vikabana dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, gurudumu likasimama.

"Zinafanana kama kandambili," mama alisema. "Ukitazama haraka utadhani ni kitu kimoja. Ukivaa ndipo mguu utakwambia. Ya kushoto ndiyo hii yenye kitambaa. Zioshe vizuri, kisha umpe mjomba wako."

Chapu alizipeleka kwenye beseni la dizeli. Alikuwa anaziosha vizuri, kweli, mpaka pale rafiki yake, msichana wa nyumba ya pili, alipochungulia getini na kumwambia kwamba wenzao wamekwisha kufika uwanjani, mpira unaanza, na timu yao ina upungufu wa mtu mmoja. Basi Chapu akawa Chapu. Kitambaa kilikuwa kimelowa grisi na kilimzuia kusugua, akakifungua. Akazitumbukiza shafti zote mbili pamoja. Nitakumbuka tu, alijiambia. Alipozitoa, zilikuwa safi zinang'aa, na hakukumbuka chochote.

Alizigeuza mara mbili. Akaichukua moja, akaifunga kitambaa, akazipeleka.

"Umemaliza?" mama aliuliza kutoka chini ya lori.

"Nimemaliza."

"Hiyo yenye kitambaa ndiyo ya kushoto? Una hakika?"

"Nina hakika, Mama," alisema Chapu, naye alikuwa keshafika karibu na geti.

Mpira ulikuwa mtamu. Timu yao ilishinda, Chapu akafunga mawili, na wakakubaliana kurudi saa nane kucheza na watoto wa mtaa wa juu. Alirudi karakana saa sita akiimba. Wimbo ulimkauka mdomoni alipoona sura za watu wazima.

Lori lilikuwa bado juu ya vigogo. Ekseli mpya ilikuwa mahali pake na dramu zimevalishwa. Kobe alikuwa kwenye usukani, injini ikinguruma ili kujaza upepo wa breki. Mama akamwambia akanyage breki. Kobe akakanyaga. Mjomba akaishika dramu ya kushoto na kuizungusha kwa mkono mmoja, nayo ikazunguka bila wasiwasi wowote. Wakaenda upande wa kulia, ikawa vilevile.

Walikuwa wamehangaika hivyo kwa zaidi ya saa moja. Mama alikuwa amekagua mabomba yote ya mpira yanayopitisha upepo, akayapaka povu la sabuni kutafuta palipovuja, asipate. Alikuwa amefungua viungio na kuhakikisha upepo unafika. Upepo ulifika. Viatu ndivyo vilivyokataa kutanuka.

Mama alijifuta mikono, akasema polepole, "Upande mmoja ukikataa, kuna kifaa kibovu. Pande zote mbili zikikataa, kuna mtu amekosea."

Chapu aliacha kutembea, akasimama kando ya bomba.

Mama akamuuliza mjomba shafti alizifungaje. Mjomba akajibu kwamba alizifunga kama zilivyokuja, yenye kitambaa kushoto, isiyo na kitambaa kulia. Mama akasema kitambaa hakina shida, kwa sababu alimuuliza Chapu, na Chapu alikuwa na hakika. Kwa hiyo lililobaki ni mikono ya aliyefunga. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yaume zaidi.

"Weka spana chini, mdogo wangu," alisema. "Nilikurudisha mapema mno. Nenda kajaze matairi."

Mjomba hakubisha. Aliiweka spana juu ya meza taratibu, mfano wa mtu anayemlaza mtoto, akaanza kufungua vifungo vya ile ovaroli yake. Mikunjo ya pasi ilikuwa bado inaonekana kwenye mikono ya nguo.

Chapu alisimama pale pale. Kichwani alikuwa na sauti mbili. Moja ilimwambia kwamba huenda alibahatisha vizuri, na kosa likawa la mjomba kweli. Mama atafungua kila kitu, atarekebisha, na hakuna atakayejua. Nyingine haikusema kitu, ilimwonyesha tu vile vifungo vinavyofunguliwa, kimoja baada ya kingine. Alijua kwamba kikifunguliwa cha mwisho, mjomba hatagusa breki tena katika karakana ile. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mama," alisema, "kile kitambaa nilikifunga kwa kubahatisha."

Mama aligeuka. "Rudia."

Chapu akarudia. Alieleza yote, grisi, beseni, rafiki yake getini, na namna alivyozigeuza mara mbili asijue ipi ni ipi. Aliposema kwamba alidanganya aliposema ana hakika, machozi yalimtoka. Kobe alizima injini.

Alidhani mama atamfukuza. Badala yake mama alimtazama sana, kisha akamwambia afute uso, achukue taa ya mkono, aje chini ya lori aone mwenyewe alichokifanya.

Wakaitoa dramu ya kushoto. Mama akamwomba Kobe awashe injini na kukanyaga breki. Chapu alimulika. Upepo ulisukuma, shafti ikajaribu kuzunguka, lakini kichwa chake cha S kilikuwa kimegeukia kusiko. Kilisogea kidogo, kikakwama kwenye vile viatu, navyo havikutanuka hata unene wa ukucha. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeona kwamba kitu kile kimevaliwa mguu usio wake.

"Umeona?" mama aliuliza.

"Nimeona."

"Tungeondoa dramu mapema tungeliona. Lakini nilikiamini kitambaa."

Kisha mama akafanya jambo ambalo Chapu hakulitarajia. Aliiendea meza, akaichukua ile spana, akamfuata mdogo wake aliyekuwa ameinamia tairi.

"Nimekukosea," alimwambia. "Ulikosa mara moja mwaka jana, nami leo nikakuhukumu kwa kosa lile. Nisamehe. Zitoe shafti, uzibadilishe. Ukimaliza nitakagua kazi yako, na yangu nayo uikague wewe. Tangu leo hakuna breki itakayotoka hapa ikiwa imeangaliwa na mtu mmoja tu."

Mjomba aliipokea spana. Alijitahidi kukaza uso, lakini tabasamu lilimponyoka. "Dada, ningejua ungeniomba radhi leo, ningepiga pasi na suruali," alisema, akafunga vifungo vyake upya.

Kazi ikaanza tena. Kutoa kilichofungwa ni tabu kuliko kufunga, na jua lilikuwa kali. Chapu alishika taa, akapokea springi na pini, akazipanga moja moja, za kushoto zikiwa na kitambaa. Saa nane rafiki yake alikuja getini kumwita. Chapu alimwambia waende tu, yeye ana kazi aliyoiharibu na bado haijatengenea. Rafiki yake alisimama akiwatazama, kisha akaingia na kuomba apewe kitu cha kushika. Timu yao ilicheza pungufu siku hiyo na ikafungwa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ilikaribia saa kumi walipovalisha dramu kwa mara ya pili. Mama alikagua kazi ya mjomba, mjomba akakagua ya mama. Kobe akakanyaga breki.

"Zungusha," mama alimwambia Chapu.

Chapu aliishika dramu ya kushoto kwa mikono miwili, akakita miguu, akasukuma kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akakimbilia upande wa kulia. Huko nako dramu ilikuwa imebanwa kisawasawa. Furaha ilimjaa hata akaipiga ile dramu kofi.

Kobe aliteremka kutoka kwenye usukani na kuja kumshika bega. "Mimi naitwa Kobe kwa sababu nateremka mlima polepole," alisema. "Kwa breki zile za mwanzo, leo ningeteremka haraka kuliko madereva wote, na madawati yangenifuata nyuma. Ahsante, binti."

"Lakini mimi ndiye niliyekosea," Chapu alisema.

"Na ndiye uliyesema."

Wakafunga matairi, wakaliteremsha lori, wakalizungusha uwanjani mara kadhaa. Kila Kobe alipokanyaga breki, lilisimama. Madawati yakapakiwa. Mama na Chapu walikuwa wakinawa mikono bombani kwa sabuni ya unga mama aliposema alilokuwa akilifikiria mchana kutwa.

"Mwanangu, kuchanganya shafti si jambo la ajabu. Hata mimi nimewahi kuchanganya. Ungesema, 'Mama, sijui tena ipi ni ipi,' tungeziangalia pamoja, dakika mbili tu. Kilichotugharimu siku nzima, na karibu kimgharimu mjomba wako kazi yake, ni kusema una hakika wakati huna. Kusema 'sijui' si aibu. Katika kazi yetu ni neno linaloweza kuokoa watu. Na ukishakosea, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako. Leo umesema. Ilikuwa vigumu, nami nimefurahi."

Chapu alimwegemea mama yake kiunoni, mikono ikiwa bado na povu.

Kobe alikuwa keshawasha injini. Mama alipiga hatua mbili kuelekea getini ili alifungue, kisha akakumbuka jambo.

"Chapu, nati za magurudumu ya nyuma ulizihesabu? Zote zipo?"

Chapu alifungua mdomo aseme ndiyo. Neno lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi, tena alikuwa karibu kabisa kuamini kwamba alizihesabu. Akalimeza.

"Sina hakika, Mama," alisema. "Ngoja nikaziangalie."

Alilizunguka lori polepole, akigusa nati moja moja kwa kidole na kuhesabu kwa sauti, kushoto kwanza, kisha kulia. Mjomba alisema sasa itabidi watafute jina jingine la mtoto huyu. Dereva naye akazima injini, akaegemea dirisha, akamsubiri amalize.