Wapiga Kura wa Mutobo

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa viatu. Mke wangu Athanasie alivivua tulipofika kwenye kijito, akavifunga kamba, akavitundika shingoni, akasema hatakubali kuviharibu kwa ajili ya siasa. Hakorimana, binamu yangu aliyetuongoza njia, alicheka.

"Mama, bwana wako akishinda atakununulia vya Wazungu."

"Akishinda atakuwa na mikutano tu. Viatu nitanunua mimi."

Ilikuwa Desemba 1959. Wabelgiji walikuwa wameruhusu wanaume wachague wajumbe wa baraza la teritwari, yaani wilaya, ya Masisi, na watu wa upande wetu walinisimamisha kwa sababu nilikuwa nimetoka chuo kikuu Léopoldville. Lakini aliyejulikana ni mke wangu. Alikuwa mzalishaji, na zilikuwa chache nyumba za vilima vile ambazo hakuwahi kukesha ndani yake. Tulipopita, wanawake walimwita yeye kwanza. Mimi nilifuata nyuma nikizungumza juu ya barabara.

Kila mahali walimuuliza swali moja: bwana wake akiwa mkubwa, hatawasahau? Naye alijibu kila mahali vilevile, akinionyesha kwa kidole: Papa akishinda, nitarudi kwenu mimi mwenyewe.

Alasiri tulifika chini ya mlima Mutobo, kwenye njia ya kwenda Pinga. Goti lilimuuma Hakorimana, akabaki amekaa juu ya jiwe. Mimi na Athanasie tulipanda, maana tulisikia watu huko juu.

Ukungu ulikuwa mzito. Walikuwa wamesimama katika majani marefu, wanaume mbele, wanawake nyuma. Niliwasalimu, hawakuitika. Nilihutubu hata hivyo, mgombea huzoea. Barabara, zahanati, bei ya maziwa. Hakuna aliyekohoa. Nguo zao zilikuwa zimelowa, ingawa mvua haikunyesha tangu asubuhi.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja alijitokeza. Tumbo lake lilikuwa kubwa, limeshuka. Alimtazama Athanasie, hakunitazama mimi.

"Mama, wewe iko muzalishaji?"

"Ndiyo, njo kazi yangu. Uchungu umeanza lini?"

"Zamani."

"Lala hapa nikuangalie."

"Leo hapana." Alirudi nyuma kidogo. "Papa akipata kiti, utatusahau."

"Papa akishinda, nitarudi kwako mimi mwenyewe. Nitakaa mpaka utazaa."

"Tumesikia," wakasema. Wote pamoja, kwa sauti ya chini.

Tulipofika kwenye mteremko niligeuka. Hapakuwa na mtu. Majani yalikuwa yamesimama wima. Hayakukanyagwa.

Hakorimana alitungoja na tabasamu.

"Kaka, sasa unahubiria ng'ombe? Nimesikia sauti yako tu. Nikasema, masomo imeharibu ndugu yangu kichwa."

Tulimsaidia kusimama, tukashika njia.

Jioni tulipokewa na Emérita, mjane mzee aliyeishi chini ya mlima. Naye alikuwa mzalishaji siku za ujana wake. Athanasie alimuuliza juu ya watu wa Mutobo.

"Mutobo hakuna muntu," alisema. "Mulima ulianguka na mvua, ule mwaka vita ya Wazungu iliisha. Ulifunika wote."

Athanasie alimweleza yule mwanamke alivyokuwa: uso, tumbo, jinsi alivyoweka mkono kiunoni. Emérita aliweka kikombe chini.

"Mukasine. Walikuja kunitafuta ile siku. Mvua ilikuwa kali. Nikasema, kesho." Akamgeukia Athanasie. "Ulimuahidi nini?"

Athanasie alimwambia. Mama yule mzee alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Papa," alinong'ona, "usishinde."

Sikuamini. Nilikuwa na maneno mengi ya kitabu juu ya ukungu na uchovu wa safari, na niliyasema yote njiani tukirudi nyumbani Nyabiondo. Athanasie alinisikiliza kwa adabu. Siku ya soko nilihutubu tena, juani, mbele ya umati mkubwa. Nyuma kabisa walisimama wanaume wenye nguo zilizolowa. Maji yalitiririka mikononi mwao, na vumbi la chini lilibaki kavu.

Nilikwenda kwa Mzungu aliyesimamia teritwari kujitoa kwenye uchaguzi. Akasema majina yamekwisha kupelekwa, hayarudishwi. Basi nikarudi vilimani kufanya kazi ambayo sijui mgombea mwingine aliyewahi kuifanya. Niliwaambia watu wasinichague. Nilisema sijui kitu juu ya ng'ombe. Nilisema barabara haitakuja. Karekezi, mfugaji mzee, alipiga makofi, akawageukia wenzake.

"Mumesikia? Wengine wanatuahidia mbingu. Huyu njo muntu wa kweli!"

"Papa Karekezi, ninakuomba. Musinichague."

"Na heshima pia iko nayo!"

Walicheka, wakanipa maziwa. Kila nilipojishusha, walinipandisha. Hakorimana alinivuta pembeni, uso umevimba kwa hasira.

"Umerogwa ao umelipwa?"

Nilikuwa nimechoka mno, sikuweza hata kumdanganya.

Athanasie alichoka kuliko mimi. Alimsikia Mukasine akiugua. Mchana. Shambani. Kanisani, katikati ya wimbo. Asubuhi moja alikuwa akikunja nguo, akasimama, kichwa ameinamisha upande.

"Sauti imebadilika," alisema. "Mtoto ameshuka."

"Twende Goma. Leo hii."

"Nitamsikia Goma pia." Akaendelea kukunja. "Sijawahi kuacha mwanamke njiani, Kanyamibwa."

Nilishinda.

Matokeo yalisomwa mbele ya shule. Vijana waliniinua mabegani, wanawake wakapiga vigelegele, na Hakorimana alilia kwa furaha. Kutoka kule juu nilimtafuta mke wangu. Hakuwepo. Niliwaomba wanishushe, wakadhani ni mzaha. Niliposhuka nilikimbia.

Jirani yetu Sidonie alikuwa amesimama mlangoni kwetu, ameshika kitasa.

"Wamekuja kumuchukua," alisema. "Wanaume. Walikuwa wanalowa, Papa, na jua iko kali hivi."

"Alisema nini?"

"Alisema: umuambie Papa asiogope. Ni kazi tu."

Mimi na Hakorimana tulimkuta Mutobo. Ukungu ulikuwa umerudi. Alikuwa amekaa katika majani, mikono ya nguo imekunjwa mpaka juu ya viwiko. Hakuwa na jeraha. Viganja vyake vilikuwa safi, vimeoshwa. Mwili ulikuwa umekwisha poa. Lakini kitambaa kilichofunika mapaja yake kilikuwa kimelowa, na maji yake yalikuwa bado ya moto.

Emérita alipanda na fimbo yake nyuma yetu. Alikigusa kile kitambaa, akanusa vidole, akafumba macho.

"Amezaa," alinong'ona. "Mukasine amezaa."

Tulimzika Athanasie kesho yake.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango. Barazani palikuwa na kuku, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Kwetu hiyo ndiyo shukrani ya mzalishaji: jogoo kwa mtoto mwanaume, koo kwa mtoto msichana. Huyu alikuwa koo. Nyayo za udongo mbichi zilitoka njiani zikafika mpaka kizingitini. Hazikurudi.

Nilimfungua kuku miguu. Nilivaa koti, nikaenda ofisini kwa karani wa serikali. Alisimama, akanipa pole na hongera katika sentensi moja.

"Nimekuja kuandikisha mtoto," nikasema. "Msichana. Mama yake ni Mukasine, wa Mutobo. Mimi ni mjumbe wao."

Alinitazama kwa huruma. Nadhani mji mzima ulinitazama hivyo wiki ile.

"Papa Kanyamibwa, urudi nyumbani, ulale kidogo. Tena sheria inataka wazazi wafike wenyewe. Wazazi iko wapi?"

"Nafikiri wanangoja inje."

Karani alitabasamu, akanyanyuka, akaenda dirishani kama mtu anayetaka kumridhisha mfiwa. Alitazama nje, midomo ikisogea kama anayehesabu watu. Kisha akarudi kitini, akafungua wino, akachovya kalamu. Akaandika: Mukasine, wa Mutobo.