Sauti Iliyofika Katoyi

Mabinti, kijana akiwauliza jambo la kazi yake, mumujibu ukweli. Muchezo muuache kwa saa ya muchezo. Wivine hakutenganisha hizo mbili, na aliyoyapata ndiyo haya.

Alikutana na Ézéchiel ku soko la Birere, muji wa Goma, asubuhi, saa ile watu wanasukumana mpaka hujui mukono ulio ndani ya mufuko wako ni wa nani. Wivine alikuwa amevaa kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, na viatu vyekundu vilivyokwisha kuwa vyeusi kwa vumbi la lava ya volkano. Alikuwa anachagua pile, betri za redio ya baba yake, huku akimwambia muuzaji vile redio ilikuwa inakatika sauti.

"Dada, usipoteze pile zako," kijana mumoja akamwambia kutoka meza ya pembeni, iliyojaa redio zilizofunguliwa matumbo. "Hiyo redio haina njaa. Iko mugonjwa."

"Wewe ni docta?"

"Docta wa redio tu. Kwa ugonjwa wa moyo, mimi mwenyewe natafuta wa kunitibu."

"Ha! Utakufa ukitafuta!"

Lakini alikuwa anacheka, na redio alikuwa amekwisha kuitoa. Ézéchiel akaifungua, akapuliza vumbi, akaunganisha waya mumoja uliokatika, nayo ikaimba. Akamwandikia namba yake ya simu juu ya kikaratasi.

"Ikikohoa tena, unipigie."

Redio haikukohoa. Wivine alimupigia hata hivyo.

Ézéchiel alikuwa mutu wa Masisi. Mabomu yalikuwa yameshusha jamaa yake yote mpaka kwenye mahema ya wakimbizi ya Lac Vert, upande wa barabara ya Sake. Baba ya Wivine, Muzee Adalbert, alikuwa mufanyabiashara wa maharagi kutoka Butembo, anakaa mutaa wa Katoyi, Goma, ndani ya nyumba ya mbao iliyopakwa rangi. Habari za kijana zilipomufikia, alisema neno moja tu: "Siwezi kumupa binti yangu mutu ambaye mulango wake unafungwa kwa kamba." Wapenzi wakaendelea kwa simu, kwa siri, na miezi mitatu ilikuwa mitamu.

Kisha katoni ikafika.

Ndani yake mulikuwa vipande vya kuunga mutambo mudogo wa kurusha sauti kwa FM. Padiri mumoja aliuleta kutoka Kampala kwa ajili ya kambi, akamupa Ézéchiel auunge. Mama Marie-Claire wa komite ya kambi alikuwa na kaye, daftari lenye majina arobaini na moja ya watoto waliopotea njiani siku ya kukimbia. Mahema yalikuwa mengi, yametawanyika juu ya mawe, megafoni haikuyafikia. Kwa mutambo ule, siku ya Mungu, ndiyo jumapili, majina yangesomwa na kila mutu mwenye karedio angesikia.

Tangu siku hiyo Ézéchiel hakuwa na macho kwa kitu kingine.

"Chéri, umekula?"

"Subiri, napima courant, umeme."

"Nimesuka nywele. Hata hujaniuliza ni za namna gani."

"Ndiyo, ndiyo. Watt ngapi?"

"Watt ngapi nini? Nywele?"

"Pardon, roho yangu. Nitakupigia."

Hakupiga. Wivine akalia kidogo, akafuta macho, akaanza kuuonea mutambo wivu kama ni muke mwenza.

Alhamisi ikawa siku ya kujaribu. Ézéchiel alisimamisha antena juu ya mwanzi murefu, kwenye kilima cha lava. Yeye angebaki anasema ndani ya mikro. Wivine angeshuka na barabara kuelekea muji, karedio mukononi, na kila akifika mahali walipopatana angesimama na kupiga simu: inasikika vizuri, inasikika vibaya, ao haisikike kabisa, naye Ézéchiel angeandika jibu kwenye karatasi.

"Usiniambie ya kunifurahisha," Ézéchiel akamusihi. "Uniambie vile unasikia."

"Sawa, bwana ingénieur."

Mahali pa kwanza, muzuri. Redio ilikuwa inasema: "Un, deux, trois. Un, deux, trois." Mahali pa pili, muzuri zaidi. "Un, deux, trois." Jua lilikuwa linamuchoma, malori yalikuwa yanamupigia vumbi usoni, na mwanaume aliyempenda hakuwa na neno jingine ila hesabu ya watoto wa shule. Mahali pa tatu Wivine akapiga simu, akataka kumuchezea.

"Unasikia?"

"Hapana. Sisikie kitu."

"Kitu? Hata kidogo?"

"Hata kidogo, chéri."

Ézéchiel akashusha pumzi. Kisha, ndani ya karedio, sauti yake ikatoka safi kama mutu aliyekaa karibu: "Basi niko nasema peke yangu. Hata nikisema Wivine ni muzuri kuliko wote wa Katoyi, nani atajua? Wivine, roho yangu, nimekumiss. Zile nywele zako niliziona asubuhi, nilikosa maneno tu."

Binti akasimama pale barabarani, mukono juu ya mudomo. Ungekuwa wewe, ungesema ukweli? Akatembea mbele, akapiga tena.

"Na hapa?"

"Hapana. Endelea kusema, labda itakuja."

Akaendelea. Alisema vile anamuota. Alisema jina atakalomupa mutoto wao wa kwanza. Alisema: "Papa yako, Muzee Adalbert, namuogopa kuliko mabomu. Bomu linapita juu, lakini yeye anabaki." Mara sita aliuliza, mara sita Wivine alijibu hapana, huku machozi ya furaha yakimushuka.

Lakini kule kilimani, kila hapana ilikuwa msumari. Ézéchiel alizungusha visi, skurubu za mutambo, akabana bobine, ile waya iliyoviringwa, akabana tena. Mwishoni akafikiri antena ndiyo mubaya, akachomoa waya wake ili auangalie, bila kuzima mutambo. Ni kosa ambalo hata mwanafunzi wa kazi hiyo angekatazwa, maana nguvu isipopata antena inarudi kuunguza mutambo. Ikatoka harufu ya kuungua. Ile transistor inayosukuma sauti inje ilikuwa imekufa, na ya kuibadilisha haikupatikana Goma yote.

Siku ya Mungu Mama Marie-Claire alisoma majina kwa megafoni mpaka sauti ikamukauka. Wale wa mahema ya mbali hawakusikia. Wivine aliona, akaogopa kusema kwamba alidanganya.

Siku ya kwanza, ndiyo jumatatu, Muzee Adalbert akamwita kijana Katoyi. Ézéchiel akaja na shati jeupe la kuazima, kola inamubana. Wivine alikuwa amekaa karibu na mulango wa jikoni.

"Ni wewe unaniogopa kuliko mabomu?"

Ézéchiel akatoa macho. "Muzee, nani alikuambia?"

"Aniambie nani? Nilikuwa natafuta habari za vita, na wanaume wa korali, waimbaji wa kanisa, wako hapa, tunakunywa chai. Nakuta mutu anamwita binti yangu 'roho yangu' mbele ya wazee! Kwetu jina la binti halipiti midomoni hivyo kabla wazazi wa kijana hawajakanyaga nyumba."

"Ulisikia hapa? Katoyi?"

"Clair! Kama uko ndani ya kikombe changu." Muzee akajaribu kubaki mukali, ndevu zikamusaliti, zikatikisika kwa kicheko. "Batu ba korali wanacheka mpaka leo. Sasa aibu imekwisha kutoka inje, iko dawa moja. Lete wazee wako jumamosi. Hata wa mahema. Nitawapokea."

Hilo ndilo neno walilolisubiri miezi mingi. Lakini Ézéchiel alikuwa bado anasikia neno lingine: Katoyi. Aligeuka polepole.

"Wivine. Ulikuwa kilometa mbili tu."

"Chéri, nilitaka…"

"Mutambo ulikuwa unafika Katoyi."

"Nilitaka tu useme tena. Ulikuwa hunisemeshi!"

"Mimi niliubana mpaka ukaungua. Bamama wa wale watoto arobaini na moja walikuwa wanangoja."

Muzee akawaangalia wote wawili, hakuelewa. "Kwani nimesema vibaya?"

"Hapana, muzee. Aksanti sana. Nitakuja. Lakini si jumamosi hii." Akainama kwa heshima, akatoka.

Wivine alipiga siku nne. Siku ya tano Ézéchiel akapokea.

"Ézéchiel, unisamehe. Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Yote niliyosema kwenye redio ni kweli, hata moja sitoi. Yako ndiyo sijui. Ukiniambia sasa unanipenda, nitaandika nini kwenye karatasi: inasikika, ao haisikike?"

Hakuna aliyekata simu. Kila mumoja alikuwa anasikia mwenzake anapumua, mpaka unité za simu zikaisha.