Chafya za Stambuli

"Usiniguse! Nani amekwambia nataka dawa yako?"

Stambuli aliusukuma mkono wa mkewe, maji ya chumvi yakamwagika mkekani. Kisha akajifunika shuka lake kichwani na kupiga chafya mfululizo, hata kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika.

"Mume wangu, maji haya haya ndiyo yaliyokuponya mwaka jana," alisema Mwaisha. "Vuta kidogo tu puani, kisha uyatoe."

"Mwaka jana ulikuwa hujaanza mambo yako."

"Mambo gani?"

"Unayajua. Kijiji kizima kinayajua."

Mwaisha aliyajua, ndiyo. Maneno yalikuwa yamezagaa kijiji chote cha Towero kwamba yeye ni mchawi, na anayemla ni mumewe.

Stambuli alikuwa mtoto wa mjini, mzaliwa wa Mwembesongo, tena siku zile mji wa Morogoro ulikuwa na makeke yake, maana Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wameleta treni juzi juzi tu. Alipomwoa Mwaisha ikabidi apande mlimani na jembe lake begani. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mume ndiye anayemfuata mke. Masika ya kwanza yalipokatika na nyasi zikatoa maua, bwana harusi akaumbuka. Pua ilichuruzika, macho yakavimba na kuwasha, akawa anayafikicha mpaka yanaiva kwa wekundu.

Mwaisha alimtunza mwanamume yule! Alimwogesha uani kabla hajaingia ndani, na nguo za shamba hazikuvuka kizingiti. Alimchemshia kivumbasi na mchaichai, akamfunika shuka zito ajifukize. Akienda kufyeka, alimfunga kitambaa kibichi puani na kumhimiza atoke alfajiri, umande ungali kwenye nyasi na vumbi la maua halijaanza kuruka. Wanawake wenzake walimcheka kwamba analea mume kama kichanga. Hakujali. Alimpenda, basi, na Stambuli akapona mwaka huo na uliofuata.

Sasa mwaka huu chafya zilikataa dawa. Kila baada ya siku chache Stambuli alishuka mjini kutafuta tabibu, akarudi amenawiri, na akilala kwa mkewe tu, chafya zinaanza upya. Dada yake Mosi ndiye aliyejumlisha: chini anapona, juu anaugua, basi ugonjwa ni mke.

Lakini asubuhi ile shuka lilipoteleza, Mwaisha aliyaona macho ya mumewe. Yalikuwa meupe, makavu, hayana hata wekundu. Akajilazimisha asifikiri kinachofuata.

"Hodi! Tumekuja na wala hatukai!"

Ilikuwa sauti ya Mosi. Nyuma yake alikuwa mzee Pazi, mjomba wa Mwaisha na mkuu wa ukoo, aliyeitwa aamue shauri. Majirani nao walifuata, maana aibu ya mtu haikosi watazamaji. Wote wakakaa uani, Stambuli naye akatoka na shuka lake.

"Shikamoo, mjomba," Mwaisha alipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Kaa chini. Leo si siku njema."

"Siku njema itatoka wapi kwenye nyumba ya mchawi?" Mosi alidakia. "Mzee Pazi, nasema mbele ya watu. Mtamwachisha kaka yangu mwanamke huyu leo hii, na ukoo wenu ukiri kwamba kosa ni lenu. La sivyo nashuka kwa akida wa Wadachi. Atafungwa mnyororo, afagie boma mpaka azeeke!"

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Usiniite wifi! Mtazame kaka yangu! Mlimpokea akiwa mzima, sasa ni chafya kutwa kucha!"

Kana kwamba ameitwa, Stambuli alijivutia shuka usoni. "Tchaa! Tchaa!"

"Stambuli," mzee Pazi alimgeukia, "wewe mwenyewe unasemaje? Mkeo anakuroga?"

Mwaisha alimtazama mumewe. Neno moja tu lingetosha. *Sema hapana, baba, sema hapana hata kwa uongo.*

"Mimi..." Stambuli alitazama chini. "Mimi nasema ninachokiona, mjomba. Nikiwa mbali naye napona."

Uani palinguruma. Mama yake Mwaisha, aliyekuja na majirani, alijishika kichwa. Machozi aliyokuwa ameyazuia Mwaisha yakarudi yalikotoka. Alisimama.

"Mjomba, nina ombi. Nimfukize mara ya mwisho, mbele yenu wote."

"Ummalize kabisa?" Mosi alifoka.

"Majani yachume wewe, wifi. Maji teka wewe. Mimi nitamfunika tu."

Mzee Pazi alikubali. Mosi akachuma kivumbasi kwa mikono yake mwenyewe, akichunguza kila jani, akachemsha. Chungu kilipoanza kutoa mvuke, Mwaisha alimsogelea mumewe.

"Vua hilo shuka, uoge kwanza."

"Nitajifukiza nalo hili hili."

"Umetoka nalo mjini, lina vumbi la maua. Siku zote tunaanza kwa kukuvua nguo za nje. Leo umeanza kuona haya?"

"Nimesema hili hili!"

"Mpe mkeo shuka, bwana," mzee Pazi aliamuru. "Dawa ina utaratibu wake."

Stambuli alilivua akilikunja kunja, akaliweka mbali, juu ya kinu. Akaoga nyuma ya nyumba, akarudi akiwa na nguo safi ya mkewe kiunoni, akafunikwa. Alipofunuliwa alikuwa ametota jasho. Watu wakasubiri chafya. Hakuna. Mwaisha akamkalisha pale uani karibu kabisa naye, yeye mkewe mchawi, bega kwa bega. Hakuna.

"Mvuke umemtuliza kwa muda tu," alisema Mosi, lakini sauti imepungua.

"Nipeni shuka langu," Stambuli alisema. "Nasikia baridi."

"Kaa hapo, kaka, nakuletea."

Mosi alilichukua pale kinuni, na kwa kuwa ni mwanamke nadhifu, akalikung'uta kwa nguvu zote mbele ya baraza.

Vumbi la kahawia likaruka. Mosi akapiga chafya mpaka kilemba kikamdondoka. Mama Mwaisha akafuata, kisha jirani, kisha uani kote ikawa chafya tupu, watu wanashikana mabega wasianguke. Mzee Pazi peke yake alibaki ametulia. Alipitisha kidole kwenye pindo la shuka, akanusa, akatabasamu kwa uchungu.

"Pua yangu imeuzoea tangu ujana. Huu ni ugoro, tena umetiwa magadi. Kumbe kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Mosi alifuta machozi. "Kaka! Wewe huvuti ugoro!"

Mwaisha akakumbuka zile safari za mjini, na jinsi mumewe alivyorudi amenawiri kila mara.

"Mwanamke gani?" Mwaisha aliuliza.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Nimekuuliza ni mwanamke gani!"

"Mwajuma," alinong'ona. "Anayepika vitumbua karibu na stesheni. Ana mimba yangu."

"Na ugoro ulikuwa wa nini? Si ungesema tu?"

"Ningesemaje? Mjomba wako alinipa shamba, wewe ulinitunza. Ningekuacha hivi hivi, watu wangeniona sina shukrani. Nikaona..."

"Ukaona heri niitwe mchawi."

Stambuli akavuta pindo la nguo ya kiunoni.

"Stambuli, ungeniambia unampenda mwingine, ningelia. Ningelia mpaka nichoke, kisha ningekufungia mzigo wako uende. Lakini umenitazama machoni, mama yangu amekaa hapa, ukanitoa nifungwe mnyororo!"

"Kaka, umenifanya nimtukane mtoto wa watu mlima mzima," Mosi alisema. Alishindwa kumtazama Mwaisha, akainama kuokota kilemba chake bila kuomba radhi.

Mzee Pazi aligonga fimbo chini. "Sasa ndiyo tutakwenda kwa akida. Viboko hamsa ishirini vitamtosha huyu!"

Stambuli aliposikia viboko, alipiga magoti. "Mwaisha, nihurumie! Nitamwacha Mwajuma. Nitarudi, tutaanza upya. Unanipenda, najua bado unanipenda!"

"Nakupenda," alisema Mwaisha, na watu wote wakasikia. "Ndiyo maana sitaki wakupige. Mjomba, asiende kwa akida. Anipe talaka yangu mbele ya watu hawa, aseme kwa sauti kwamba mimi si mchawi, kisha ashuke na jembe lake."

Stambuli alisema yote mawili. Mama Mwaisha akalitupa jembe nje ya ua, na mkeka ukafuata.

Stambuli aliondoka na jua kali, upepo unapeperusha maua ya nyasi njia nzima. Hajafika mbali akasimama, akaanza kufikicha macho, na safari hii yaliiva kweli. Akageuka.

"Mwaisha! Kitambaa tu! Nifungie kitambaa puani nifike mjini!"

Mkono wa Mwaisha ulishachupa kukifuata kile kitambaa. Akaurudisha.

"Mwambie Mwajuma achemshe kivumbasi," alimjibu kutoka mlangoni. "Maji ya chumvi yawe vuguvugu, na akuogeshe kabla hujaingia ndani."

"Na wewe je?"

"Mimi sina mgonjwa."